Kamba nne za Mama Besi



Wiki iliyopita tuliongea juu ya sabuni ya mawese na tuliahidi kuendelea. Tutaendelea wiki ijayo, msikasirike. Katikati ya wiki tulipokea karatasi kutoka Shabunda-centre, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa mtu aliyeshuka na ndege ndogo, na swali lililokuwa ndani halikutaka kungojea sabuni. Ni la kikundi cha wamama walioanza kwa kuimba korali. Sasa wako na magitaa matatu na batri moja, na wanapiga rumba za zamani kwenye ndoa na kwenye sikukuu ya tarehe 8 mwezi wa tatu. Wanaandika kwamba nyimbo wanazijua, na watu nao wanazijua, lakini wakipiga, watu wanabaki kwenye viti. Wakubwa wa pale wamesema kosa ni la dada anayeshika besi. Besi si kazi ya mwanamke, wanasema, inataka nguvu, wamweke kijana. Wamama wanatuuliza: tumtoe?

Sisi tunasema msimtoe. Na hatusemi hivyo kwa kumhurumia. Jambo hilo hilo lilitupata hapa Bukavu mwaka jana, karibu tuvunje kikundi chetu, na tulipotafuta kosa tulilikuta mahali pengine kabisa.

Wengi wenu mnaijua okesta yetu ndogo. Tuko saba: wamama watano, mtoto wa mmoja wetu kwenye batri, na mwalimu mmoja anayepiga solo akitoka shuleni. Hatuna wimbo hata mmoja wa kwetu. Tunarudilia za wengine, za Franco, za Tabu Ley, za Mbilia Bel, za Tshala Muana, kwa sababu ndizo familia zinataka kwenye ndoa. Anayepiga besi anauza sambaza sokoni Kadutu, na jina lake la kawaida limeshasahaulika. Hata watoto wake wanamwita Mama Besi. Gitaa lake ni la mkono wa pili, tulilinunua kwa zamu yake ya likelemba, na mkanda wa kulibebea ni kitenge alichokunja mara tatu na kukishona mwenyewe. Mkanda wa dukani ulikuwa mwembamba na ulimkata bega. Gitaa la besi lina uzito wa kilo nne hivi, na mama aliyebeba watoto sita mgongoni anajua kwamba kitambaa kipana ndicho kinagawa mzigo.

Basi, ndoa. Tulikuwa tumepatana dola 120. Pesa hiyo ilikuwa imekwisha kupangiwa kazi kabla ya kuipata, kama kawaida yetu. Binti wa mmoja wetu alikuwa anamaliza shule ya sekondari, na pesa ya kushiriki mtihani wa serikali, ile eksetati, ilikuwa haijapatikana. Mama yake ndiye mwimbaji wetu wa pili. Tulimwambia, kaza sauti, wewe unaimbia diploma.

Tulianza. Wimbo wa kwanza tuliuanza mbio kama watu wanaokimbia mvua. Sala ile ni ya sementi na juu ni mabati, na ampli ya besi tulikuwa tumeisukuma pembeni kabisa kwenye kona ili isizuie njia ya mabibi harusi. Kila Mama Besi alipogusa kamba, ukuta wote uliunguruma, na hakuna aliyeweza kusema ni noti gani. Wimbo wa pili tuliumaliza kila mtu kwa wakati wake. Mwalimu alinyamaza, waimbaji wakaendelea, batri ikapiga mara tatu peke yake, kisha kimya. Halafu tukaanza kulinganisha kamba mbele ya watu, dakika baada ya dakika, tii, tii, tii, mpaka watoto wachanga wakaanza kulia. Kwenye wimbo wa tatu, sebene ilipofika, batri ilishika njia yake na besi ikashika yake.

Baba wa protokoli alikuja akatuinamia kwa heshima. «Wamama, pumzikeni kidogo.» Kijana mmoja akaunganisha kompyuta yake, akaweka wimbo ule ule tuliokuwa tumeharibu, na sala nzima ikasimama kucheza. Tulipumzika mpaka mwisho wa ndoa. Tulipewa dola 40 na kasha moja la fanta, na hatukubisha.

Tulipanda mlima wa Kadutu usiku na ampli mabegani, hakuna aliyeongea. Kesho yake wawili kati yetu walileta jina la kijana wa avenue ya jirani anayejua besi. Mume wa Mama Besi alisema gitaa liuzwe. Yeye mwenyewe alifika jioni, akaweka gitaa juu ya meza, limefungwa kwenye kitenge kama mtoto aliyelala, akasema: «Chukueni. Mimi nirudi kwenye sambaza zangu.»

Kilichotuokoa ni simu. Mtoto mmoja alikuwa amerekodi ndoa ile yote, na tukakubaliana kusikiliza kwanza, kuhukumu baadaye. Wamama, hakuna kitu kigumu kama kujisikiliza. Ukiwa unapiga, kichwa chako kinasahihisha makosa na kukupendelea. Simu haikupendelei. Tulisikiliza tumeinamisha vichwa, halafu mwalimu akasimamisha na kusema: «Hebu rudisheni. Noti za mama ni sahihi.»

Zilikuwa sahihi kweli. Ila zilikuwa nyingi mno. Kwa hofu ya kuachwa alijaza kila nafasi, kama mgeni anayeogopa kimya na kuongea bila kumeza mate. Na mtoto wa batri naye kwa hofu alikuwa anaongeza mwendo kila mara waimbaji walipopaza sauti. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anamsikiliza mwenzake. Kijana wa avenue ya jirani angefika pale angekuta vurugu ile ile.

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo penye jibu la wamama wa Shabunda.

Mmeshatwanga sombe wawili kwenye kinu kimoja. Michi miwili, kinu kimoja. Huyu anashuka, yule anapanda. Hakuna anayehesabu kwa mdomo, na hakuna anayemwangalia mwenzake usoni. Mnasikilizana kwa mikono. Mmoja akiharakisha kidogo tu, michi inagongana na majani yanaruka nje. Na mtoto akianza kujifunza, anapewa nini? Anaambiwa apige polepole, mara moja moja, aache nafasi. Nguvu ataongeza baadaye.

Besi na batri ni michi miwili hiyo. Kwenye batri kuna ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Sauti nzito ya mguu ule na sauti nzito ya besi zinatakiwa kushuka pamoja, kitu kimoja, mpaka anayecheza asijue ipi ni ipi. Hizo zikikutana, kiuno cha mtu kinajua pa kwenda. Zikiachana, hata solo iwe tamu kama asali, watu watatikisa kichwa wakiwa wamekaa. Anayecheza hafuati solo. Anaisikia solo, lakini mguu wake unafuata chini.

Kwa hiyo tulifanya kitu ambacho wengine walikiona ni cha kitoto. Kwa wiki tatu Mama Besi na mtoto wa batri walifanya mazoezi peke yao, wawili tu, bila solo na bila sauti. Alikatazwa kupiga noti zaidi ya mbili kwa kila akodi. Nyimbo nyingi za rumba tunazorudilia zinazunguka kwenye akodi tatu: ikiwa mko kwenye Do, basi ni Do, Fa na Sol. Alipiga noti ya msingi mguu wa batri unaposhuka, ananyamaza, anapiga ya pili kuingia akodi inayofuata, ananyamaza tena. Kimya kile kilimuuma. Alituambia kwamba kuacha noti ni kama kupima sambaza bila kuongeza kiganja cha mwisho, mkono wenyewe unataka kwenda. Lakini wiki ya tatu, mama mzee jirani, ambaye haji kamwe kwenye mazoezi yetu, alipita na ndoo ya maji na tukamwona anatembea kwa kufuata mguu. Hakuwa na habari.

Mwendo nao tulitafutia dawa. Kuna programu za bure za simu zinazogonga tik-tik bila kuchoka. Tuliandika mwendo wa kila wimbo kwenye daftari, na kabla ya kuanza, mtoto wa batri anasikiliza mapigo machache sikioni ndipo anahesabu. Mahali pa watu damu inapanda, na wimbo ulioujua polepole unautoa mbio bila kujua. Tangu tuanze kuandika, hatujaanza mbio tena. Isipokuwa mara moja, Noeli, na siku ile lawama ilikuwa ya fanta.

Sasa tuje kwenye maneno ya wakubwa, kwamba besi si ya mwanamke.

Ni kweli kwamba wengi wetu tumekua tukiona wanawake mbele na mikro, na wanaume nyuma na magitaa. Mbilia Bel aliingia Afrisa ya Tabu Ley mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwimbaji. Abeti Masikini, M'Pongo Love, Tshala Muana, wote tunawakumbuka kwa sauti. Kwenye picha nyingi za okesta zetu kubwa aliyeshika besi ni mwanaume. Lakini kule Guinée, mwaka 1961, wanawake wa jeshi la jandarma walianzishiwa okesta yao, Les Amazones de Guinée. Walianza na ala zisizo za umeme, kisha wakashika za umeme zote: solo, besi, batri, hata saksafoni, wanawake watupu. Wamezunguka nchi nyingi, na mwaka 1983 walitoa sahani iliyorekodiwa Paris. Na kule Marekani kuna Carol Kaye, aliyezaliwa 1935. Alikuwa mpiga gitaa na mama mwenye watoto wa kulea. Siku moja mwaka 1963 mpiga besi hakufika studio, akaambiwa ashike yeye. Alishika, na hakuiachia tena. Besi yake iko kwenye maelfu ya nyimbo zilizorekodiwa, na watu wengi waliozicheza hawakujua kwamba chini yake ni mikono ya mama.

Wala besi haihitaji misuli. Ampli ndiyo yenye nguvu, siyo mkono. Anayevuta kamba kwa hasira anapata sauti mbaya na malengelenge. Mama Besi alianza kwa robo saa kwa siku, baada ya kufunga meza yake sokoni, mpaka ngozi ya vidole ikawa ngumu.

Na kama mnafikiri besi ni kitu cha wageni, mkumbuke Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952. Alikuwa na gitaa moja tu la kawaida. Kidole gumba kilitembea chini kama besi, vidole vingine vikaimba juu. Mwaka 1960, Grand Kallé alipokwenda Brussels na wenzake wakati wa mazungumzo ya uhuru, Brazzos wa OK Jazz aliombwa aende kushika besi. Walijua kwamba bila mtu wa chini, wa juu hawana pa kukanyaga. Rumba hiyo UNESCO imeiandika kwenye urithi wa dunia mwezi wa 12 mwaka 2021. Urithi ukiwa wa dunia, sioni kwa nini usiwe wa muuza sambaza. Mmoja wetu ameandika sentensi hiyo na tumeiacha hivyo, ingawa hapa tunasema «sisi».

Mambo mengine yalikuwa madogo zaidi, lakini ndiyo yaliyotuaibisha.

Kumalizia. Tulikuwa tunafanya mazoezi ya mianzo na ya katikati, mwisho tunaacha ujitokeze. Redio inamaliza wimbo kwa kupunguza sauti polepole, okesta haiwezi. Sasa kila wimbo una mwisho uliokubaliwa, na mwenye kuutangaza ni mmoja tu. Kwetu ni Mama Besi. Anainua shingo ya gitaa lake juu, sote tunahesabu mizunguko miwili, tunafunga pamoja. Kuingia sebene ni hivyo hivyo: mwimbaji anageuka kumwangalia yeye, si mwalimu. Tangu apewe kazi hiyo hapigi tena akitazama vidole vyake, maana wote tunamtazama.

Kimya katikati ya nyimbo. Kamba zinalinganishwa nje, kabla ya kuingia, kwa programu ya simu. Besi iko na kamba nne tu, Mi, La, Re na Sol, si kazi ya nusu saa. Orodha ya nyimbo tunaiandika kwa herufi kubwa kwenye kartoni chini ya miguu. Ya kwanza ni rahisi ambayo hatuwezi kuiharibu hata tukitetemeka. Ngumu tunaiweka katikati. Watu wakiwa wanakula, polepole.

Toni. Msing'ang'anie toni ya sahani. Nyimbo nyingi zilipangwa kwa koo za wanaume, na mwimbaji wetu alikuwa anapiga kelele juu au anazama chini. Shusheni au pandisheni mpaka mama aimbe kama anaongea na mtoto wake. Kwa besi ni kazi ndogo, vidole vinahama pamoja na umbo linabaki lile lile.

Sala. Msiweke ampli ya besi kwenye kona. Kuta mbili na sakafu zinaongeza sauti nzito na kuivuruga. Ivuteni mbele, punguzeni kitufe cha sauti nzito kuliko mnavyotaka, halafu mtu mmoja aende mpaka viti vya nyuma asikilize, kwa sababu penye ampli hamsikii wanachosikia wageni. Na msipitishe besi kwenye bafle ndogo ya mikro ya kanisa. Kamba nzito ya Mi inatikisika mara 41 hivi kwa sekunde moja, na spika ndogo haiwezi kuisukuma. Itakoroma, kisha itapasuka, na mtailipa. Tunajua bei yake.

Umeme, na hapa tunaomba msome vizuri, maana ni maisha ya mtu. Anayeimba huku ameshika gitaa la umeme anaweza kupigwa na umeme kupitia mdomo wake na mikro, ikiwa vyombo havina waya wa ardhi au vimechomekwa sehemu tofauti. Ampli na mikseri viunganishwe mahali pamoja penye waya wa ardhi. Msikate ule mguu wa tatu wa plagi eti tundu lina mawili. Msipige pekupeku, msipige juu ya majani yenye umande, na mvua ikianza mzime kwanza ndipo mkimbie. Mama Besi alisikia mwasho mdogo midomoni siku moja kwenye ua la mtu. Tulizima yote, wenyeji wakakasirika. Wakasirike.

Wamama wa Shabunda mtasema, sisi hatuna hata umeme wa SNEL unaokatika kama wenu, tuko na paneli ya jua na jenereta ya kuazima. Kwa ndoa, jenereta iwekwe mbali, na taa kubwa zisichomekwe kwenye waya mmoja na ampli. Kwa mazoezi hamhitaji petroli hata kidogo. Dada yenu akae karibu na mlango wa mbao au kabati, agandamize kichwa cha gitaa lake juu ya ubao. Ubao wote utaimba. Si sauti ya ndoa, lakini inatosha kusikilizana na batri iliyofunikwa shuka. Mama Besi amefanya hivyo miezi mingi, na mlango wa chumba chake una alama.

Kamba za besi ni ghali na zinachakaa kwa jasho na unyevu. Zikifa sauti, msizitupe. Zifungueni, zichemsheni kwenye maji safi dakika kumi hivi juu ya mbabula, zikausheni kabisa kwa kitambaa na jua, zirudisheni. Uchafu na mafuta vinatoka na sauti inarudi kwa muda. Sufuria ile ioshwe vizuri, mume wa mmoja wetu alilalamika kwamba bugali ilikuwa na ladha ya daraja.

Mtauliza tulifika wapi. Miezi mitatu baada ya aibu ile, familia moja yenye asili ya Shabunda ilitualika kwenye ndoa, huko Panzi. Walitualika kwa sababu tulikuwa rahisi, tusidanganyane. Tulifika mapema, ampli tukaivuta kutoka kona. Wimbo wa kwanza watu walikaa. Wa pili walikaa. Mama Besi hakuongeza noti hata moja, tuliona tu jasho linamshuka. Wa tatu, kabla hata ya sebene, nyanya mmoja wa upande wa bwana harusi, aliyekuwa amesinzia, aliamka, akatafuta fimbo yake, akaiacha ukutani na kuingia katikati peke yake. Mabinti walimfuata kwa kumheshimu, kisha wakasahau heshima. Kompyuta ya kijana ilikaa mezani imefungwa mpaka saa tatu za usiku.

Tulilipwa zote. Pesa ya eksetati ilikuwa imekwisha kulipwa wakati huo, tulikuwa tumeikopa kwenye kasha la AVEC, na ndoa ile pamoja na nyingine iliyofuata zilirudisha deni na faida yake. Binti alifanya mtihani. Matokeo bado, na mama yake haimbi vizuri wiki hizi, tunamwelewa.

Si wote tumekubaliana. Mmoja wa wale waliotaka kijana bado anasema mama mwenye watoto asirudi nyumbani saa nne za usiku na gitaa, na anaposema hivyo wengine kati yetu hunyamaza, kwa sababu njia zetu usiku kweli si njema. Tumeweka kanuni: tukipiga usiku, mwenye ndoa anatupa gari au tunalala pale pale. Aliyekataa, hatukuenda. Tumepoteza kazi mbili kwa ajili hiyo.

Na mume wa Mama Besi? Hajamsifu hata siku moja. Lakini mwezi uliopita, alipokuwa anafanya mazoezi mlangoni, baba alikuwa anatengeneza taa, na bila kuinua kichwa alisema: «Hapo umeharakisha.» Alirudia. Kweli alikuwa ameharakisha.

Wamama wa Shabunda, mrekodi wimbo mmoja kwa simu, simu iwekwe katikati ya viti vya watu, siyo mbele yenu, mtutumie na mtu wa ndege. Mama Besi atasikiliza na kumjibu dada mwenyewe. Anamtumia pia kamba zake za zamani, zimechemshwa na kukaushwa, ziko ndani ya bahasha ya kaki pamoja na barua hii. Ile ya Sol ina kutu kidogo karibu na mwisho, aifute kwa kitambaa kikavu.

Mazoezi yetu yanaendelea Jumamosi saa tisa, mahali pale pale. Watakaokuja na watoto, kuna mama wa zamu atakayewaangalia. Mwenye ampli ya zamani isiyoongea asiitupe, atuletee, mwalimu anajua kuunganisha waya. Wiki ijayo, sabuni.